Imani Inayovuta kwa Upendo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yametoka kwa waumini wa kawaida: katika jumuiya, katika mafundisho ya ubatizo na ya kipaimara, katika semina za ndoa, na katika yale mazungumzo ya baada ya ibada, watu wakiwa wamesimama barazani wakisubiri mvua ipungue. Mengi hurudi kila mwaka, karibu kwa maneno yale yale. Yamepangwa kuanzia ya msingi hadi yale yanayowagusa wachache lakini kwa uzito mkubwa. Unaweza kuanzia popote. Pale majibu yanapotegemeana, utaelekezwa swali la kutazama.

## Misingi

1. Imani inayovuta watu kwa upendo ni imani ya namna gani?

Ni imani ambayo mtu wa nje huionja katika namna unavyomtendea, kabla hujamweleza lolote kuhusu unachokiamini. Usiku wa mwisho kabla ya kusulubiwa, Yesu aliwapa wanafunzi wake alama moja ya kutambulika: "Hivyo watu wote watatambua ya kuwa ninyi mmekuwa wanafunzi wangu, mkiwa na upendo ninyi kwa ninyi" (Yohana 13:35). Maneno "watu wote" yana uzito ambao mara nyingi tunaupita haraka. Yesu amewapa wasioamini haki ya kutukagua, na kipimo alichowapa kinaweza kutumiwa na mtu yeyote, hata asiyejua kusoma, hata mtoto anayetumwa dukani na kupita mbele ya nyumba yako kila siku.

Neno "kuvuta" lisikupeleke sokoni. Mfanyabiashara humchekea mteja ili anunue, na mteja akiondoka mikono mitupu tabasamu nalo huisha. Upendo wa Kristo hupimwa mahali pengine kabisa: je, ungeendelea kumtendea jirani huyu hivi hivi kama ungejua kwa hakika kwamba hatakanyaga kanisani hadi siku ya kufa kwake? Majibu karibu yote yanayofuata yanasimama juu ya swali hilo moja.

2. Je, hili si fundisho jipya la watu wanaoona haya kuhubiri?

La, lina umri sawa na Kanisa lenyewe. Karibu mwaka 197, Tertullian, mwandishi Mkristo wa Karthago katika Afrika ya Kaskazini, aliandika utetezi wa Wakristo mbele ya watawala wa Kirumi, na humo akataja walichokuwa wakikisema watu wa nje: tazameni jinsi wanavyopendana. Akaeleza pia mfuko wao ulivyofanya kazi. Kila mmoja alitoa mara moja kwa mwezi, kwa hiari na kwa kadiri ya uwezo wake, na fedha hizo zilitumika kuwalisha na kuwazika maskini, kuwatunza yatima, wazee wasioweza tena kutoka nyumbani, watu waliovunjikiwa na meli, na waliofungwa au kupelekwa migodini kwa sababu ya imani. Mtu aliyewahi kuwa mweka hazina wa jumuiya yoyote hapa kwetu ataitambua picha hiyo mara moja.

Katikati ya karne ya 3 ulizuka ugonjwa ulioua watu wengi katika dola ya Kirumi. Dionysius, askofu wa Aleksandria, aliandika kwamba Wakristo wengi walibaki na wagonjwa, wakawahudumia na kuwazika, na baadhi yao wakafa kwa ugonjwa ule ule, wakati wengine walikuwa wakiwakimbia hata ndugu zao.

Ushahidi ninaouthamini zaidi umetoka kwa mpinzani. Kaisari Juliani, aliyetawala kuanzia mwaka 361 hadi 363 na kutaka kuirudisha dini ya miungu ya kale, alimwandikia kuhani wake mmoja kule Galatia akilalamika kwamba Wakristo wamekua kwa sababu ya ukarimu wao kwa wageni, uangalifu wao katika kuwazika wafu na mwenendo wao, na kwamba wanawalisha maskini wao pamoja na maskini wasio wa dini yao. Hakutaja mahubiri yao. Alitaja chakula, makaburi na wageni.

3. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kuna haja gani basi ya kusema kwa maneno?

Methali hiyo ni kweli katika nusu ya kwanza ya safari. Matendo huamsha swali, lakini hayawezi kulijibu. Jirani akikuona umemsamehe mtu aliyekudhulumu shamba, anaweza kudhani kwamba wewe ni mpole kwa kuzaliwa, au ni mwoga, au una hila unayoipanga. Ni maneno tu yatakayomweleza kwamba wewe mwenyewe umesamehewa zaidi ya hapo, na ni nani aliyekusamehe.

Petro aliweka mpangilio mzuri: mwe tayari kumjibu kila awaulizaye habari za tumaini lililo ndani yenu, "lakini kwa upole na kwa hofu" (1 Petro 3:15). Tunapenda kunukuu sehemu ya kujibu na kuisahau sehemu ya kuulizwa. Kama umeishi mtaa mmoja miaka kumi na hakuna aliyewahi kukuuliza lolote, huenda shida haiko kwenye ufasaha wako. Na ukiulizwa, jibu kwa ufupi, kwa lugha ya nyumbani, kisha umwachie mwenzako nafasi ya kufikiri; mtu aliyeuliza swali moja hajaomba mkutano wa injili.

4. Mimi ni mkimya, si mchangamfu. Je, naweza kumvuta mtu?

Naam. Uchangamfu ni tabia ya kuzaliwa, na upendo ni uamuzi unaorudiwa. Tabitha wa Yafa anakumbukwa katika Matendo ya Mitume 9 bila neno lake hata moja kuandikwa. Alipokufa, wajane walisimama wakilia na kuonyesha nguo alizokuwa amewashonea.

## Nyumbani na mtaani

5. Nianzie wapi?

Anza na watu ambao hawawezi kukukwepa: wa nyumbani mwako, na hasa wale walio chini ya mamlaka yako. Katika nyumba nyingi za Wakristo, mtu anayeijua imani ya familia kuliko mchungaji ni dada wa kazi. Yeye ndiye anayesikia sala ya asubuhi akiwa jikoni, na ndiye anayejua kama mshahara wake wa mwezi uliopita umelipwa. Nalisema hili kwa uchungu, kwa kuwa niliwahi kuongoza ibada ya nyumbani kwa miezi miwili huku binti aliyetulelea watoto akisubiri ujira wake, nami nikijiambia kwamba anaelewa hali yetu. Hakuwa na njia ya kutoelewa. Siku alipoomba ruhusa ya kurudi kwao, hakusema neno baya. Alisema tu kwamba mama yake anamhitaji. Nilimlipa chote, nikamwomba radhi, lakini miezi miwili ile ya sala sina namna ya kuirudia mbele yake.

Maandiko hayana utata hapa. Walawi 19:13 inakataza ujira wa kibarua kukaa kwako usiku kucha, na Yakobo anasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele hadi masikioni mwa Bwana. Kwa hiyo kabla ya kupanga huduma yoyote ya upendo kwa mtaa, orodhesha watu unaowadai uvumilivu: dada wa kazi, kijana wa bustani, mama anayekuletea maji, fundi ambaye hujammalizia. Wamalizie.

6. Mume wangu haamini. Nimwombee tu, au nimwambie?

Petro aliwaandikia wanawake walio katika hali hiyo hiyo kwamba waume wao huenda "wavutwe kwa mwenendo wa wake zao, pasipo lile neno" (1 Petro 3:1). Angalia kwamba mtume anadhani mume amekwisha kulisikia Neno. Kulirudia kila akichelewa kurudi nyumbani hakutaongeza kitu.

Yapo mambo ya vitendo ambayo wanawake wengi wamenieleza kwamba yaliwafungia milango bila wao kujua: kuwa kanisani jioni nne kwa wiki na kumwachia mume chakula baridi, kumwombea kwa sauti akiwa anasikia huku akitajwa kama mwenye pepo, na kusimulia udhaifu wake katika kikundi cha maombi hadi habari zikamrudia kupitia kwa shemeji. Jambo la mwisho ni usaliti, hata likivikwa jina la ombi maalumu. Waume wenye wake wasioamini wanahusika vivyo hivyo. Kama nyumbani kuna vipigo au vitisho, jibu lako liko katika swali la 15, wala usilichanganye na hili.

7. Majirani zangu wengi ni Waislamu. Niishi nao vipi bila kuificha imani yangu na bila kuwaudhi?

Swali hili huulizwa sana Tanga, Mombasa, Dar es Salaam, Unguja na miji yote ya pwani, na jibu lake bora tayari linaishi katika mila za mahali hapo. Bibi zetu walijua kwamba kwenye shughuli ya watu wa dini zote anayechinja ni Mwislamu, ili wote wale kwa amani. Mkristo anayeshika desturi hiyo hajapunguza imani yake. Amefanya alichokifundisha Paulo katika 1 Wakorintho 8 kuhusu kutomkwaza mwenzako kwa chakula. Kama nyumbani kwako hupikwa nguruwe, kuwa na vyombo vya kando vya kumkaribishia jirani, na umwambie wazi kwamba vimetengwa kwa ajili yake. Mwezi wa Ramadhani, usimpigie jirani kelele za sherehe karibu na magharibi. Akikualika futari, nenda. Idi ikifika, mpe mkono wa Idi. Sahani ya pilau iliyovuka ukuta wakati wa Krismasi na kurudi na tende wakati wa Ramadhani huwafanya watu wawili waweze kuzungumza juu ya Mungu bila kuogopana.

Kuwa mkweli kuhusu wewe ni nani. Akikuuliza unachokiamini kumhusu Yesu, mweleze kwa heshima, wala usikipunguze ili kumpendeza. Lakini acha kabisa kumdhihaki Mtume wake, kuchambua kitabu chake kwa kejeli, au kusambaza video za midahalo ambako watu hushindana kuaibishana. Sijawahi kukutana na mtu aliyempenda Kristo kwa sababu mama yake alitukanwa. Katiba ya Tanzania katika ibara ya 19, na ile ya Kenya katika ibara ya 32, zinalinda uhuru wa kila mtu kuabudu na kueneza dini yake. Uhuru huo ni wa jirani yako kama ulivyo wako, na yeye pia akikueleza imani yake, msikilize kama ambavyo ungependa kusikilizwa.

8. Msiba ukitokea kwa mtu asiye wa imani yangu, nishiriki mpaka wapi?

Shiriki mpaka mwisho wa kile ambacho wenye msiba wanakuruhusu. Paulo alisema "lieni pamoja nao waliao" (Warumi 12:15), bila kuweka mpaka wa dhehebu. Msiba wa Mwislamu huenda haraka, mara nyingi maziko ni siku ile ile, kwa hiyo asiyefika mapema hukosa kabisa. Fika, keti jamvini na wenzako, toa ubani, saidia kuchota maji, kuosha vyombo, kufunga turubai. Sala zao zikianza, kaa kimya kwa adabu.

Wengi huuliza kama wapeleke trakti au waombe nafasi ya kutoa neno. La. Mfiwa ana haki ya kulia bila kufanywa shamba la mavuno. Kama urafiki upo, mlango utafunguka baadaye, labda siku ya arobaini imekwisha kupita na wageni wote wameondoka, na wewe peke yako ukabaki ukienda kumjulia hali. Siku hizo za baada ya matanga, pale mfiwa anapoachwa na ukimya wa nyumba, ndizo tunazozikosa zaidi, Wakristo kwa Wakristo wenzao pia.

9. Majirani wanalalamikia vipaza sauti vya mkesha wetu. Je, huko si kuipinga injili?

Mara nyingi wanapinga kunyimwa usingizi. Jirani huyo ana mgonjwa, au mtoto mchanga, au zamu ya alfajiri. Yesu alisema nuru iangaze mbele ya watu "wapate kuyaona matendo yenu mema, wamtukuze Baba yenu" (Mathayo 5:16). Mtu aliyekeshwa kwa lazima hana tukuzo la kutoa. Punguzeni sauti, geuzeni spika ndani, na viongozi waende nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Ziara hiyo ya kuomba radhi huacha alama kubwa kuliko mkesha.

## Kazi, fedha na msaada

10. Je, ni vibaya kutoa msaada kwa matumaini kwamba anayesaidiwa ataokoka?

Kutamani aokoke ni haki yako. Kuufanya msaada uwe chambo ni kosa. Tofauti huonekana siku anapokataa. Katika Luka 17 Yesu aliwaponya wakoma kumi, akarudi mmoja kumshukuru, naye alikuwa Msamaria. Yesu aliuliza wako wapi wale tisa, kwa maana jambo hilo lilimgusa, lakini ukoma haukuwarudia.

Historia yetu inalifahamu vizuri suala hili. Mwaka 1868 mapadre wa Roho Mtakatifu walianzisha misheni Bagamoyo na kuwapokea watu waliokombolewa utumwani, wengi wao watoto. Mwaka 1875 misheni ya Kianglikana ilianzisha makazi ya Freretown, karibu na Mombasa, kwa ajili ya watu waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa. Kazi ile iliokoa maisha, na wengi waliolelewa humo walikuja kuwa walimu na makatekista walioijenga imani hii. Lakini mtu asiye na kwao, asiye na ukoo wala shamba, angewezaje kusema hapana kwa anayemlisha? Nauliza hivyo bila kuwadharau waliotangulia, kwa sababu swali hilo bado linatuhusu kila tunapogawa unga wakati wa njaa, tunapolipa ada ya shule, au tunapomtembelea mgonjwa asiyeweza kuinuka na kuondoka.

Kanuni ninayoshauri ni rahisi kuifuata: msaada usiwe na sharti la kuhudhuria ibada, usitanguliwe na hotuba ambayo mwenye njaa analazimika kuisubiri, na orodha ya wanaosaidiwa itengenezwe kwa kuangalia uhitaji, ikiwezekana pamoja na mjumbe wa mtaa au balozi asiye wa kanisa lenu. Ukiombwa kusali pamoja naye, sali. Kama hujaombwa, uliza kwa namna inayomwachia nafasi ya kukataa.

11. Imani yangu ionekane vipi kazini na katika biashara?

Katika mizani kwanza. Kilo yako iwe kilo, na debe lako lisiwe limebonyezwa chini. Paulo anasema katika Tito 2:10 kwamba mtumwa mwaminifu huyapamba mafundisho ya Mwokozi. Ni neno la ajabu kwa mtu ambaye jamii ilimhesabu kuwa wa chini kabisa, naye ndiye anayepewa heshima ya kuipamba injili.

Jambo la pili ni madeni. Wauza maduka hueleza kwa huzuni kwamba wateja wagumu kulipa ni baadhi ya wale wanaoanza na "Bwana asifiwe, mpendwa". Usilitumie jina la Bwana kuombea mkopo. Ukiwa umekwama, nenda mwenyewe kwa unayedaiwa kabla hajakutafuta, mwambie lini utalipa na kiasi gani. Usibadilishe njia ya kupita. Na ukiwa ofisini, kusoma Biblia katika saa ambazo mwananchi anasubiri foleni dirishani ni kumwibia muda wake.

12. Sina fedha. Nitaonyeshaje upendo?

Soma tena swali la 8: karibu yote yaliyotajwa hapo hayana gharama. Kumpeleka kliniki mama mjamzito asiye na mtu, kumsomea mzee barua ya mahakama, kumchukulia jirani mtoto shuleni, kukaa na mgonjwa saa mbili ili anayemwuguza alale, hayo yote yanataka muda na uvumilivu. Isitoshe, maskini akimpenda maskini mwenzake, hakuna anayeweza kumshuku kwamba amemnunua.

13. Je, tunaruhusiwa kupiga picha tunapotoa misaada na kuziweka mtandaoni?

Taarifa kwa wachangiaji inahitajika. Hesabu, stakabadhi na picha ya magunia zinatosha. Uso wa mtu anayepokea kilo tano za unga hauna sababu ya kuonekana, kwa maana watoto wake watauona, na wanafunzi wenzao watauona. Katika Mathayo 6 Yesu aliwaambia watoaji kwamba mkono wa kushoto usijue ufanyalo wa kuume. Kwa wagonjwa na watoto, msipige kabisa.

## Tunapokosea

14. Nimeshaharibu ushuhuda wangu mtaani. Je, kuna njia ya kurudi?

Ipo, na huenda ndiyo iliyowavuta watu wengi zaidi katika ukanda wetu. Uamsho wa Afrika Mashariki, vuguvugu la toba miongoni mwa Wakristo lililoenea miaka ya 1930 kutoka Gahini nchini Rwanda na kufika Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika, haukusifika kwa watu wasio na kasoro. Mwanzo wake hukumbukwa katika urafiki wa Simeoni Nsibambi wa Uganda na daktari Mwingereza Joe Church, waliokutana Kampala mwaka 1929 na kusoma Maandiko pamoja. Waliouamini ujumbe ule waliungama wazi, wakarudisha walivyoiba, wakalipa madeni ya zamani, wakapatana na maadui. Wazungu wakaomba radhi kwa Waafrika, jambo ambalo halikuwa la kawaida katika enzi ya ukoloni. Mtu anayerudisha jembe aliloiba miaka mitano nyuma huzungumzwa kijiji kizima.

Fanya vivyo hivyo. Nenda kwa uliyemkosea, taja kosa kwa jina lake, usiongeze "lakini na wewe". Kama kuna kitu cha kurudisha, nenda nacho mkononi. Usimwombe akusamehe papo hapo, mwachie muda. Ungamo la hadharani lihusu dhambi zako tu, kamwe lisiwe njia ya kumtaja mwanamke wa watu au kumfichua mwenzako. Na kama ulichofanya ni jinai, hasa dhidi ya mtoto, toba yako inapitia polisi, wala kanisa halina ruhusa ya kuyamaliza kimya kimya.

15. Je, kupenda ni kuvumilia vipigo? Naambiwa uvumilivu wangu utamvuta mume wangu kwa Kristo.

Hapana. Yeyote anayekuambia hivyo anayatumia Maandiko vibaya, hata akiwa mzee wa kanisa. Yesu alipopigwa kofi mbele ya kuhani mkuu aliuliza: kama nimesema vema, wanipigia nini? (Yohana 18:23). Paulo, askari walipokuwa karibu kumpiga mijeledi, aliitaja haki yake ya uraia wa Kirumi. Kumwachia mtu aendelee kukutesa ni kumwacha azame katika dhambi yake, na watoto wanaoona wanajifunza.

Ondoka hadi mahali salama kwanza, mengine yatafuata. Nchini Tanzania vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, na kwa mtoto aliye hatarini namba ya simu 116 hupigwa bila malipo, Kenya pia. Kusamehe kunawezekana ukiwa umbali wa kilomita nyingi. Kurudi ni suala jingine, linalohitaji mabadiliko yaliyoonekana kwa muda mrefu na macho ya watu wengine.

16. Tutawavutaje watu wakati kanisa letu lenyewe limegawanyika kwa ukabila na kugombea vyeo?

Hamtawavuta, na ni afadhali kulikubali hilo kuliko kuongeza mikutano ya injili. Rwanda, nchi ile ile ya Gahini ulikoanzia Uamsho (swali la 14), ilikuwa na Wakristo wengi mno mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari. Watu walikimbilia makanisani wakitafuta usalama, wakauawa humo. Makanisa ya Ntarama na Nyamata leo ni mahali pa kumbukumbu. Walikuwepo waumini waliowaficha majirani zao na kufa pamoja nao, na walikuwepo waumini walioua. Mwezi Machi 2017 Papa Fransisko aliomba msamaha wa Mungu kwa dhambi na makosa ya Kanisa na ya watu wake katika mauaji yale. Upendo unaosimama kwenye mpaka wa kabila hauko salama hata kwa walio ndani ya mpaka huo.

Anzeni na yaliyo ndani ya uwezo wenu: lugha inayotumika kwenye vikao, nani huachwa nje akiwa hajui lugha hiyo, hesabu zinazosomwa au kufichwa, na wale wazee wawili ambao kila mtu anajua kwamba hawasalimiani. Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, ambazo maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walizifanya kuwa kipaumbele katika miaka ya 1970, zilikusudiwa kuwa mahali pa watu wanaofahamiana kwa majina. Nyumba kumi na tano zinaweza kupatana hata kama parokia nzima haijaweza.

## Hali za pembeni

17. Nimempenda rafiki yangu kwa miaka kumi na mbili na hajabadilika. Nimekosea wapi?

Huenda hujakosea popote. Kijana tajiri katika Marko 10 alipendwa na Yesu mwenyewe, imeandikwa waziwazi kwamba alimkazia macho akampenda, na bado aliondoka akiwa na huzuni. Yesu hakumkimbilia wala hakupunguza alichokisema. Endelea na urafiki huo. Kama unaona unachoka kwa sababu hukupata matokeo, rudi kwenye kipimo cha swali la 1.

18. Rafiki yangu anataka kubatizwa, lakini familia yake imesema itamtenga. Tumsaidieje kwa upendo?

Kama bado ni mtoto anayelelewa na wazazi, msimbatize kwa siri. Mfundisheni aheshimu wazazi wake, mzungumze nao, msubiri. Kwa mtu mzima, uamuzi ni wake, nao haupaswi kuharakishwa ili idadi ya wabatizwa itimie kabla ya Pasaka. Mpeni muda wa kuzungumza na ndugu zake mwenyewe, taratibu, bila ninyi kusimama nyuma yake kama jeshi. Msimtangaze, msimpange kutoa ushuhuda jukwaani, msimpe jina jipya ambalo mama yake hawezi kulitamka bila kulia, kama halihitajiki.

Kisha mjiulize kabla ya siku ya ubatizo, si baada yake: atalala wapi akifukuzwa? Atakula wapi sikukuu zinapofika na nyumba zote zimejaa ndugu? Nani atakwenda kumposea mke, na akiugua nani ataketi kando ya kitanda chake zamu ya usiku? Akiondokewa na baba yake, mtamsindikiza hadi kwenye maziko, ninyi wote, mkae jamvini pale mtakaporuhusiwa, ili ndugu zake waone kwamba hamkumchukua kutoka kwao. Majina ya watu hao yaandikwe, wenyewe wakiwa wamekubali, na yakikosekana, kanisa liseme kwa ukweli kwamba halijawa tayari kumpokea.